Kipande cha Chuma, Kipande cha Karatasi

Katika soko la silaha la Marekani huuzwa kipande cha chuma kinachoweza kufichika kiganjani. Hakina mtutu, hakina kitako, wala hakitii risasi. Kazi yake ni kukaa ndani ya bunduki, jirani na kifyatulio, na kuifanya bunduki inayotoa risasi moja kwa kila mbonyezo iwe rashasha imwagayo risasi mfululizo. Chuma chenyewe ni cha bei ndogo, na fundi hakutumia siku nzima kukichonga. Hata hivyo mnunuzi wa halali hukilipia makumi ya maelfu ya dola, na muuzaji hakosi mteja. Bei hiyo haikutokana na chuma. Ilitokana na karatasi inayofuatana nacho, ishuhudiayo kwamba kipande hicho kiliandikwa katika daftari la serikali kabla ya tarehe 19 Mei 1986.

Ili kufahamu jinsi karatasi ilivyoishinda chuma kwa thamani, yapasa kurudi nyuma hadi mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza. Jenerali mstaafu John T. Thompson alisimamia kubuniwa kwa rashasha ndogo ya kubebwa na mtu mmoja, aliyoikusudia askari wa mahandakini. Vita vikaisha kabla haijafika huko. Kiwanda cha Colt kilitengeneza bunduki 15,000 za aina hiyo katika miaka ya 1921 na 1922, na jeshi halikuzichangamkia. Bei ya moja ilikaribia dola 200, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida hakuwa nazo. Walikuwa nazo waliotajirika kwa kuuza pombe kwa magendo, kwani tangu 1920 hadi 1933 pombe ilikuwa imeharamishwa nchini humo. Tarehe 14 Februari 1929, mjini Chicago, wanaume saba walisimamishwa ukutani ndani ya gereji na kumiminiwa risasi kwa bunduki za Thompson. Picha za maiti zile zilisambaa magazetini, na rashasha ikawa jina la hofu katika kila nyumba.

Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilitaka kuiondoa silaha hiyo mikononi mwa watu, lakini ilikabiliwa na kikwazo. Mwanasheria Mkuu wake, Homer Cummings, alijua kwamba Katiba ya nchi ile haikuipa serikali ya shirikisho mamlaka ya wazi ya kupiga marufuku moja kwa moja. Mamlaka iliyokuwa nayo bila ya ubishi ni ya kutoza kodi. Basi ikapita njia hiyo. Sheria ya Taifa ya Silaha, aliyoitia saini Roosevelt tarehe 26 Juni 1934, iliweka kodi ya dola 200 kila rashasha inapohama mkono, pamoja na sharti la kuisajili. Bunduki fupi zilizokatwa mitutu na vizuia sauti navyo viliingizwa humo. Bastola, zilizokuwamo katika rasimu, ziliondolewa kabla ya muswada kupita. Kodi ilikuwa sawa na bei ya bunduki yenyewe. Haikuwekwa ili hazina ijae, bali ili mnunuzi akate tamaa. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ilipoulizwa kama kodi ya namna hiyo ni halali, ilijibu kwamba kodi haiachi kuwa kodi kwa sababu tu inazuia kile inachokitoza.

Ushahidi wa malipo ulikuwa stempu, mfano wa stempu ya barua, iliyobandikwa juu ya fomu. Tangu hapo kila rashasha ya halali ilikuwa na vitu viwili, mwili na cheti, na mwili usiokuwa na cheti ukawa jinai.

Mfumo huo ulidumu miaka thelathini na zaidi, hadi Mahakama ya Juu ilipoutikisa tarehe 29 Januari 1968. Iliamua kwamba mtu anayeshikilia silaha isiyosajiliwa hawezi kuadhibiwa kwa kutokwenda kuisajili, maana kuisajili ni kujishitaki mwenyewe, na Katiba haimlazimishi mtu kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Bunge likaitengeneza sheria upya mwaka ule ule, na likafungua mlango wa msamaha kwa muda wa siku thelathini, kuanzia tarehe 2 Novemba hadi tarehe 1 Disemba 1968. Aliyekuwa na silaha yoyote ya aina hiyo, awe aliiokota katika medani za Ulaya au aliirithi kwa babake, aliruhusiwa kuiandikisha bila ya kodi wala adhabu. Makumi ya maelfu ya silaha yaliandikishwa. Wapo ambao habari hazikuwafikia, na wapo waliodhani ni mtego. Asiyekuwepo na lake halipo: dirisha lilipofungwa, silaha zilizobaki nje ya daftari zilibaki haramu, na hazina namna ya kuhalalishwa hata leo.

Sheria ya 1968 ilifanya pia jambo jingine, ambalo apendaye lugha hawezi kulipita bila ya kusimama. Ilipanua maana ya neno. Mwaka 1934 rashasha ilikuwa silaha itoayo risasi zaidi ya moja, bila ya kujazwa kwa mkono, kwa tendo moja la kifyatulio. Mwaka 1968 neno hilo likabeba pia kiunzi cha rashasha peke yake, na mkusanyiko wa vipande vilivyokusudiwa kuigeuza bunduki ya kawaida. Mwaka 1981 idara inayosimamia silaha ilitangaza kwamba kishikizi kimoja maarufu cha kugeuzia bunduki ya AR-15 nacho ni rashasha, ila kwa vile vilivyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Novemba mwaka huo. Mwaka 1986 sheria yenyewe ikatamka kwamba hata kipande kimoja, kikiwa kimekusudiwa kazi hiyo tu, chatosha. Basi kikawekwa mezani kipande kisichoweza kumdhuru hata nzi, na sheria ikakiita kwa jina la silaha nzima. Washairi huita sehemu kwa jina la kitu kizima ili kupamba. Wanasheria walifanya vivyo hivyo, na matokeo yake yakawa bei.

Bei haikupanda papo hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kishikizi kilichosajiliwa kilipatikana kwa mamia machache ya dola, na kodi ya dola 200, ambayo haikuwahi kuongezwa, ilikuwa imekwisha kudhoofishwa na mfumuko wa bei. Kilichogeuza mambo ni siku moja ya Bunge. Tarehe 10 Aprili 1986 Baraza la Wawakilishi lilikuwa likijadili muswada wa kuwalegezea masharti wenye bunduki. Katika dakika za mwisho za mjadala, mbunge William Hughes wa New Jersey alipendekeza kifungu cha kuwakataza raia kumiliki rashasha yoyote, isipokuwa zile zilizomilikiwa kihalali kabla ya sheria kuanza. Kura ilipigwa kwa sauti, na mwenyekiti akatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Wapo wanaoyabishia matokeo hayo hadi leo. Rais Ronald Reagan aliitia saini sheria nzima, pamoja na kifungu hicho, tarehe 19 Mei 1986. Katika majuma yaliyotangulia saini ile, mafundi wenye leseni walikimbizana na kalenda wakisajili viunzi na vishikizi kwa wingi, kama wavuvi wanaovuta nyavu huku wakiiona dhoruba upeoni.

Tangu siku ile hakuna rashasha mpya iliyoingia katika hesabu ya zile ambazo raia wa kawaida aweza kuzinunua. Hesabu hiyo, kwa takwimu zilizotolewa na idara husika mwaka 2016, ni takriban 175,000. Haiongezeki, ila hupungua. Kiunzi kilichosajiliwa kikiharibika kabisa, usajili wake hufa pamoja nacho. Sheria yaruhusu kukitengeneza, hairuhusu kukibadilisha kwa kingine. Ndiyo maana mwenye kiunzi chenye ufa humtafuta fundi mahiri wa kuchomelea, akamkabidhi chuma kikuukuu kwa uangalifu ambao watu huuweka kwa mgonjwa. Idadi ya wanaotaka, kwa upande wake, imeongezeka pamoja na idadi ya watu na utajiri wao. Hivyo bunduki ya M16 iliyosajiliwa, iliyouzwa kwa kiasi cha dola 1,000 katika miaka ya 1980, leo yaweza kuuzwa kwa dola 30,000 na zaidi. Mnunuzi hutoa picha na alama za vidole, hulipa dola 200 zile zile za mwaka 1934, na hungoja idhini. Mwaka 2025 Bunge lilifuta kodi hiyo kwa vizuia sauti na bunduki fupi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kwa rashasha iliachwa kama ilivyokuwa. Mwenyewe akifariki, mrithi wake halali hupokea bila ya kodi, na katika baadhi ya familia kipande kile ni sehemu ya mirathi kama shamba au nyumba.

Hapa ndipo penye kinaya cha historia hii. Kifungu cha 1986 kilitungwa na waliotaka rashasha zitoweke, na wenye kuzipenda wakakilaani. Lakini ni kifungu hicho kilichowatajirisha waliokuwa nazo. Mmiliki aliyelipa mamia ya dola na leo ana mali ya makumi ya maelfu amelindwa na sheria anayoipinga. Siku mlango utakapofunguliwa na viwanda vikaruhusiwa kuuza vipya, kishikizi chake kitarudi kuwa chuma, na bei yake itakuwa bei ya chuma. Aweza kuyatetea madai ya uhuru kwa ulimi wake wote, na moyoni akaomba daftari libaki limefungwa. Kwa upande wa pili, mtetezi wa marufuku hana budi kukiri kwamba haki aliyoiondoa kwa wengi ameiacha mikononi mwa wenye fedha. Kweli, uhalifu kwa kutumia rashasha zilizosajiliwa umekuwa nadra sana. Anayetoa bei ya nyumba kwa kununua silaha hana haja ya kuiibia benki.

Nje ya mlango ule mambo ni mengine. Vipo vipande vidogo vya kugeuzia bastola, vinavyotengenezwa kwa siri, vingine kwa plastiki ya mashine za kuchapishia, na vinapatikana kwa bei ya kitoweo. Havina stempu wala jina daftarini. Kati ya 2017 na 2021 vyombo vya sheria vilikamata na kuikabidhi idara ya silaha vipande 5,454 vya namna hiyo, ambapo katika miaka mitano ya kabla yake vilikuwa 814. Kazi ya kipande hiki na ya kile cha makumi ya maelfu ni moja. Tofauti ni kwamba kimoja hulala katika kasha la chuma likiwa limefungwa kwa ufunguo, na kingine kipo mtaani usiku, mikononi mwa kijana. Na wanaookotwa wamekufa asubuhi ni wa mtaa huo.

Fikra ya kuitia silaha alama na kumwandika mwenyewe haikuzaliwa Washington. Pwani ya Afrika Mashariki iliijua miaka 44 kabla. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliohusu kuzuia biashara ya watumwa, ulitiwa saini na mataifa mengi, Marekani na Zanzibar zikiwamo. Mkataba huo ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara hili. Zilizoruhusiwa ziliwekwa katika maghala ya serikali, na kabla ya kutolewa zilisajiliwa na kupigwa chapa, na mwenyewe akapewa leseni yenye jina lake na chapa ile. Bunduki za gumegume ziliweza kuendelea kuuzwa. Dhamira iliyotangazwa ilikuwa njema, kwani bunduki ndiyo iliyowakamata watumwa. Lakini leseni zilikuwa mikononi mwa watawala wapya. Mwezi wa Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipoishambulia boma ya Mahenge, wengi wao walikuwa na mikuki na magobole, na waliokuwa ndani ya boma walikuwa na rashasha.

Mkataba wa 1890 na sheria za 1934 na 1986 hazifanani kwa shabaha wala kwa mahali. Zinafanana kwa chombo: muhuri, daftari na tarehe. Chombo hicho huhesabu vilivyomo ndani ya ghala, na kwa hesabu hiyo huwapa thamani waliotangulia kuingia. Vilivyomo nje hakivihesabu. Kwa hiyo katika Marekani ya leo kishikizi chenye stempu chajulikana kilipo, ni cha nani na kitarithiwa na nani. Kisichokuwa na stempu hujulikana siku kinapookotwa karibu na maiti.