Krosova ya spika: Mambo ambayo fundi anayeanza anafaa kuzingatia

KATIKA miji ya Kitale na Bungoma, spika ni chombo cha kazi. Ibada za Jumapili, harusi, matanga na mikutano ya hadhara hutegemea masanduku ya spika, na mafundi wa jua kali ndio huitwa yanapoharibika. Twita ikiungua katikati ya mazishi, waombolezaji walioketi nyuma husikia mngurumo tu, wasiweze kutambua maneno ya msemaji.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa amplifaya au kwa ubora wa twita yenyewe. Hata hivyo, kuna kifaa kidogo ndani ya sanduku ambacho hupuuzwa, nacho ni krosova. Fundi anayebadilisha twita iliyoungua bila kukagua krosova huenda akarejeshewa sanduku lilo hilo baada ya muda mfupi, na hasara ikawa yake.

Krosova ya kawaida haihitaji umeme wake wala haina sehemu inayosonga. Huundwa kwa vitu vitatu tu: kapasita, koili ya waya wa shaba na rizista. Anayeanza anaweza kuijenga akiwa na multimita, chuma cha kulehemu na hesabu ya shule ya msingi.

KAZI YA KROSOVA

Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kipimo chake ni hezi. Wakati wa jando la Wabukusu, ambalo hufanyika Agosti katika miaka ya shufwa, ngoma hutoa sauti nzito nayo chinyimba, vyuma anavyovigonga mtahiriwa, hutoa sauti kali. Rekodi ya sherehe hiyo ikichezwa, sauti zote mbili hupitia waya mmoja kutoka kwa amplifaya.

Wufa, ambayo ni spika kubwa, huimudu ngoma. Twita ni ndogo na waya wake wa ndani ni mwembamba mno, hivyo hufaa kwa sauti za chinyimba pekee. Ikipewa ngoma pia, kiwambo chake husukumwa kupita kiasi na waya wake huungua. Krosova hugawa sauti hizo ili kila spika ipate fungu lake.

Kapasita huzuia sauti nzito na kupitisha kali. Koili hufanya kinyume chake. Kwa hivyo, katika muundo rahisi kabisa, kapasita moja hutangulia twita nayo koili moja hutangulia wufa.

KUPIMA KWANZA

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kununua krosova iliyo tayari bila kujua spika ni za omu ngapi. Spika inafaa kutenganishwa na waya zote, kisha ipimwe kwa multimita. Ile iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7, nayo ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Katika hesabu, fundi hutumia tarakimu iliyoandikwa na kiwanda, wala si ile ya multimita.

Kuna twita nyepesi zisizo na sumaku, ziitwazo piezo, ambazo hutumika katika masanduku ya bei nafuu. Multimita haisomi omu kwazo kwa sababu hazina waya wa kawaida ndani. Hesabu za makala haya hazizihusu.

Hatua ya pili ni kuchagua mahali pa kugawa sauti. Kanuni inayotumiwa sana ni kutoishusha twita chini ya maradufu ya mtetemo wake wa asili, ambao huandikwa na watengenezaji kwenye karatasi ya maelezo. Kwa wufa ya inchi 6 au 8 na twita ya inchi moja, hezi 3,000 ni mwanzo mzuri. Wufa za inchi 12 au 15 huelekeza sauti kali mbele tu, na huhitaji twita kubwa ya tarumbeta inayoweza kuanzia chini zaidi. Anayeanza anashauriwa kujifunza kwa sanduku dogo.

HESABU YENYEWE

Kupata kapasita, 159,000 hugawanywa kwa omu zilizozidishwa kwa hezi. Kwa twita ya omu 8 na hezi 3,000, jibu ni maikrofaradi 6.6. Kapasita ya 6.8 inafaa. Ikikosekana madukani, mbili za 3.3 zikiunganishwa sambamba hutoa 6.6.

Kupata koili, 159 huzidishwa kwa omu, kisha hugawanywa kwa hezi. Kwa wufa ya omu 8, jibu ni milihenri 0.42.

Kapasita inayotakikana ni ile isiyo na alama ya chanya na hasi. Za redio na amplifaya zenye alama hizo haziwezi kutumiwa peke yake, kwani huharibika zikipitishiwa muziki. Mbili zinazolingana zikiunganishwa moja baada ya nyingine, hasi kwa hasi, huwa kama moja isiyo na alama, lakini kipimo hupungua nusu. Mathalani, mbili za 10 hutoa 5. Aidha, kapasita inafaa iwe ya volti 100 au zaidi.

Koili inaweza kusokotwa mezani. Kwenye kigurudumu cha mbao au plastiki chenye kiini cha kipenyo cha milimita 25 na upana wa milimita 25, waya wa shaba uliopakwa vanishi, wa unene wa milimita moja, huhitaji takriban mizunguko 145 ili kufikia milihenri 0.42. Ni busara kusokota zaidi kidogo, kupima kwa kifaa cha kupimia koili, kisha kupunguza. Waya wa kutosha ni kama mita 15. Waya mwembamba haufai, kwani hula nguvu za amplifaya na kulegeza sauti nzito.

Koili mbili hazifai kulazwa sambamba zikikaribiana, kwa sababu huathiriana. Moja husimamishwa na nyingine hulazwa, tena mbali na sumaku ya wufa.

UDHAIFU WA MUUNDO RAHISI

Muundo wa kapasita moja hupunguza sauti nzito polepole. Tuseme amplifaya inatoa wati 20. Katika hezi 1,500, yaani nusu ya kiwango kilichochaguliwa, twita bado hupokea takriban wati 4. Nyumbani hilo halina neno. Uwanjani, ambapo amplifaya hupandishwa hadi mwisho, kiasi hicho chaweza kuiua twita.

Kwa kazi za hadhara, fundi huongeza hatua ya pili. Koili huwekwa kukatiza ncha mbili za twita, baada ya kapasita. Kwa wufa, kapasita hukatiza ncha zake, baada ya koili. Mpangilio mmoja unaosifika ni ule wa Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi waliofanya kazi katika kampuni ya Hewlett-Packard, ambao ulichapishwa mwaka wa 1976. Kwa omu 8 na hezi 3,000, huhitaji kapasita mbili za maikrofaradi 3.3 na koili mbili za milihenri 0.85. Chini ya hali iyo hiyo ya wati 20 na hezi 1,500, twita hupokea chini ya wati moja.

Katika mpangilio huu, waya za twita hugeuzwa, chanya ikaenda kwa hasi. Zisipogeuzwa, twita na wufa hupingana kwenye hezi 3,000, na sauti za maneno hufifia. Isitoshe, amplifaya haifai kuwashwa ilhali twita au wufa imetenganishwa na krosova ya aina hii, kwani kapasita na koili zikibaki peke yake zaweza kuielemea amplifaya na kuiharibu.

KUSAWAZISHA NA KUJARIBU

Twita nyingi hupaza kuliko wufa. Kupunguza desibeli 3 kwa twita ya omu 8, rizista ya omu 2.2 hutangulia na nyingine ya omu 20 hukatiza ncha za twita. Zote ziwe za wati 10. Huwekwa baina ya krosova na twita ili hesabu ya awali isivurugike.

Jaribio la kwanza hufanywa kwa sauti ya chini, twita na wufa zote zikiwa zimeunganishwa. Sikio likikaribishwa, twita isikike ikitoa herufi kama "s" na "sh", bila mlio wa ngoma. Rekodi ya mtu akizungumza ni kipimo bora kuliko muziki, kwa maana kila msikilizaji anajua sauti ya binadamu ilivyo. Baadaye amplifaya hupandishwa kidogo kidogo, na rizista huguswa baada ya amplifaya kuzimwa ili kuhakikisha hazichemki kupita kiasi.

Hesabu hizi si neno la mwisho. Omu za spika hubadilika kadiri sauti inavyopanda, hivyo marekebisho madogo kwa kusikiliza hayaepukiki. Fundi anayeandika vipimo vyake kwenye ubao wa ndani wa sanduku hujirahisishia kazi, na humfaa pia fundi mwingine atakayelifungua sanduku hilo baada ya miaka. Kapasita na koili za krosova si ghali zikilinganishwa na kununua twita mpya kila baada ya sherehe.