Jua Nyuma ya Mti: Visa Vinavyobeba Kanji

Orodha ya alama za kanji za matumizi ya kawaida, iliyotangazwa na serikali ya Japani mwaka 2010, ina alama 2,136. Kila moja ina umbo lake, maana yake, na mara nyingi matamshi zaidi ya moja. Sisi tuliolelewa na herufi zisizofika thelathini tunayo haki ya kuuliza: mzigo huo wabebwaje kichwani? Historia yajibu kwa mambo mawili ambayo mshairi yeyote huyajua, nayo ni vina na kisa.

Vina kwanza. Katika karne ya 6, Mfalme Wu wa nasaba ya Liang huko Uchina alimwagiza Zhou Xingsi atunge utungo wa alama elfu moja bila kuirudia hata moja. Ukatoka utungo wa mishororo 250, kila mshororo alama nne. Mapokeo yasimulia kuwa aliumaliza kwa usiku mmoja, na kulipokucha nywele zake zilikuwa zimegeuka mvi. Utungo huo ulivuka bahari hadi Japani, na kwa karne nyingi watoto wakajifunzia kuandika. Wanaozijua tungo zetu za kale ambazo beti zake hufuata mpangilio wa alifu, be, te, watamtambua Zhou kuwa ndugu yao katika sanaa.

Hata hivyo, vina huhifadhi mfuatano. Havielezi sura ya alama. Kazi ya kueleza ilikuwa imekwisha kuanzwa na Xu Shen, ambaye mwaka 100 alikamilisha kamusi iliyochambua alama zaidi ya 9,000 na kuzipanga katika mafungu 540. Chukua 休, kupumzika: ni mtu aliyeegemea mti. Aliyewahi kukimbilia kivuli cha mwembe jua la saa saba hahitaji kuelezwa mara mbili. Chukua pia 東, mashariki, alama ya kwanza katika jina la Tokyo. Kamusi hiyo yaifafanua kuwa ni jua, 日, ndani ya mti, 木. Nani atakayesahau mapambazuko yanayochungulia matawini?

Tatizo ni kwamba kisa hicho si cha kweli. Kuanzia mwaka 1899 wataalamu walitambua maandishi yaliyochongwa juu ya mifupa na magamba ya kobe zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ambayo Xu Shen hakuwahi kuyaona. Humo, wachambuzi wengi wanasema, 東 ni picha ya mfuko uliofungwa ncha zote mbili, ikaazimwa kutaja mashariki kwa sababu ya sauti yake tu. Jua halimo. Mti haumo.

Mwaka 1977 Mmarekani James Heisig alichapisha kitabu kilichoigeuza hali hiyo kuwa mbinu. Alizivunja kanji vipande vipande, akakipa kila kipande jina, kisha akaviunganisha kwa visa. Asili ya alama haikumfunga. Palipomfaa kubuni, alibuni waziwazi. Nami navutiwa zaidi na mpangilio wa kitabu chenyewe: mwanzoni msomaji hupewa visa kamili, baadaye vidokezo tu, na mwishowe huachiwa vipande atunge mwenyewe. Mwalimu anajiondoa ili mwanafunzi awe mtunzi.

Mimi hukumbuka 東 kwa jua la Xu Shen, wala sioni haya. Ninachokishikilia ni mpaka kati ya kisa cha kukumbushia na kisa cha kuelezea asili. Nasi tunao mfano wetu. Tunasimulia kwamba Bagamoyo ni “bwaga moyo”, na hadi leo watu wanabishana ni moyo wa nani uliobwagwa: wa mtumwa aliyekata tamaa, au wa mpagazi aliyefurahi kufika pwani. Simulizi hizo zote mbili hulikaza jina katika kumbukumbu kwa nguvu ileile, lakini haziwezi kusimama pamoja kama historia, na tukichagua moja kwa utamu wake tu, kuna watu ambao mateso yao, au jasho lao, tutakuwa tumelifuta.

Kwa hiyo, wapenzi wa lugha, tungeni visa bila woga. Ila mnapomrithisha mwingine, mwambieni kipi mmekirithi na kipi mmekitunga.