Chupa ya Maji na Mtu Mwenye Wavu

Mililita 15 za maji hazijazi hata kikombe cha kahawa. Ndizo zilizowatosha Francesco Ficetola na wenzake mwaka 2008, walipoonyesha kwamba maji ya dimbwi la kusini-magharibi mwa Ufaransa yanaweza kumtaja chura mkubwa wa Marekani bila mtu kumwona wala kumsikia. Chura huyo mwenye sauti ya fahali alipelekwa Ulaya na binadamu, naye huwala vyura wenyeji. Kila kiumbe cha majini hupukutisha ngozi, kamasi na kinyesi, na ndani ya taka hizo mna vinasaba vyake, yaani DNA. Wataalamu wa vijidudu walikwisha kutoa DNA kwenye matope tangu 1987, na mwaka 2003 kundi la Eske Willerslev lilisoma mabaki ya wanyama wa kale katika udongo ulioganda wa Siberia. Jipya la 2008 lilikuwa kumtambua mnyama aliye hai kwa maji anamoishi. Mwaka 2012 timu ya Tony Dejean ilimrudia chura yuleyule katika madimbwi 49. Waliomtafuta kwa macho na masikio, usiku na mchana, walimpata katika madimbwi 7. DNA ilimwonyesha katika 38.

Kwa tofauti kubwa kiasi hicho, ni rahisi kuamini kwamba mtu mwenye wavu, tochi na mabuti ya mpira hana kazi tena. Naamini historia ya mbinu hii inasema kinyume: kila ilipopata nguvu, aliyeipa nguvu hizo ni yuleyule mwenye wavu. Tazama Uingereza. Huko salamanda mwenye kishungi mgongoni analindwa na sheria, na anayetaka kujenga mara nyingi hulazimika kujua kama yumo katika dimbwi la kiwanja chake. Mwaka 2013 DNA ilijaribiwa katika madimbwi 35 ikampata karibu kila mara, asilimia 99, ilhali kutafuta mayai yake kwenye majani kulifanikiwa kwa asilimia 44. Mwaka uliofuata mamlaka ya uhifadhi ya England iliikubali mbinu hiyo rasmi. Lakini asilimia hizo zilipatikana kwa sababu madimbwi yaliyopimwa yalikuwa yale ambayo watu walikwisha kujua kwamba salamanda wamo. Na hata baada ya hapo, chupa ya maji ilisema yumo au hayumo tu. Anayetaka kujua ni wangapi bado huenda na tochi usiku.

Tena, kuwapo kwa mnyama mmoja si afya ya ardhioevu. Afya husomeka katika jamii nzima, hasa wadudu wa matopeni, maana wapo wanaostahimili uchafu na wapo wanaotoweka mapema. Hapo kazi ya Donald Baird na Mehrdad Hajibabaei nchini Kanada ndiyo iliyonishawishi zaidi. Walichagua delta ya mito Peace na Athabasca, ardhioevu kubwa inayopokea maji yanayotoka upande wa mashimo ya mchanga wa mafuta na wa bwawa la umeme lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1960. Wadudu wachanga wa huko, hata chini ya hadubini, mara nyingi hutambuliwa hadi familia au jenasi tu. DNA iliweza kutenganisha spishi. Hata hivyo wadudu wenyewe walikusanywa kwa wavu. Maji matupu yalipolinganishwa na sampuli za wadudu wa matopeni mwaka 2019, yalionyesha wadudu wachache zaidi.

Wapo wanaoipinga mbinu hii kwa hoja kwamba DNA hudumu mnyama akiwa ameshakufa, au husafirishwa na maji kutoka mbali. Katika dimbwi lililotulia hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa majaribio yameonyesha kwamba DNA hupotea ndani ya mwezi hivi. Penye mkondo ina uzito. Huko Chicago, mwaka 2009, DNA ya karpu wa Asia, samaki wageni, ilionekana ng'ambo ya kizuizi cha umeme cha kuwazuia, na ubishi ukafika hadi mahakamani. Juni 2010 mvuvi alinasa mmoja, mzima, ng'ambo hiyohiyo. Alimnasa kwa wavu.

Hoja nzito zaidi ni ya gharama: nchi yenye wataalamu wachache wa kutambua wadudu, si bora inunue mashine ya kusoma DNA? Swali ni la haki, lakini mashine husoma herufi za DNA, haisomi majina. Tangu Paul Hebert wa Kanada alipopendekeza mwaka 2003 kwamba kipande kifupi cha jeni kiwe utambulisho wa kila mnyama, majina yametoka kwenye maktaba ya vielelezo, na kila kielelezo cha kuaminika kimepitia mikononi mwa mtu aliyemkamata mnyama, akamtambua na kumhifadhi. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark na Kenya walichapisha matokeo ya kutafuta DNA ya kimelea cha kichocho katika maji ya Kenya, na mbinu ilifanya kazi kwa kuwa kimelea hicho na konokono wanaokibeba wamechunguzwa kwa miaka mingi. Wadudu wengi wa vinamasi vyetu hawajaingia katika maktaba hiyo, na mashine ikikutana nao huorodhesha herufi zao na kuiacha nafasi ya jina tupu.