Endometriosisi: Utando Ulioota Nje

Mwanamke akirudi kutoka kupiga ultrasaundi na kuulizwa ameambiwa nini, mara nyingi hujibu: "Nina uvimbe." Lakini uvimbe upi? Fibroidi huota kwenye msuli wa mji wa mimba. Uvimbe maji wa kawaida wa ovari aghalabu hunywea wenyewe. Endometrioma ni kifuko cha ovari kilichojaa damu nzito ya zamani, ya kahawia, ndiyo maana madaktari hukiita uvimbe wa chokoleti. Huu wa mwisho hutokana na endometriosisi, na tiba yake si sawa na ya ile mingine.

Jina limetoka Kigiriki: endon ni ndani, metra ni mji wa mimba. Hata hivyo ugonjwa wenyewe uko nje. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota kwenye ovari, mirija, kibofu au utumbo. Huko nako huchochewa na homoni za hedhi, huleta uchochezi na makovu, na makovu huweza kugandisha viungo pamoja. Kwa hiyo tafsiri ninayoipendelea ni "utando wa uzazi ulioota nje", kwa sababu inamwambia mgonjwa mahali tatizo lilipo. Tishu hizo zikipenya ndani ya msuli wa mji wa mimba wenyewe, ugonjwa huitwa adenomiosisi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190 walio katika umri wa kuzaa wanaugua endometriosisi, yaani takriban asilimia 10. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alieleza hadharani jinsi ugonjwa huo ulivyomfika kifuani na kusababisha mapafu yake kusinyaa. Tanzania wengi huyaita maumivu ya hedhi chango, na msichana huambiwa avumilie, ataponea kwenye ndoa. Ushauri huo unaumiza. Maumivu yanayomtoa binti shuleni kila mwezi, au yanayokuja wakati wa haja kubwa siku za hedhi, au wakati wa tendo la ndoa, yatajwe kwa daktari hivyo hivyo yalivyo.

Na majibu safi ya ultrasaundi hayamalizi shauri. Madoa madogo ya utando huo mara nyingi hayaonekani humo, na huenda yakahitaji laparoskopia: kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu dogo tumboni, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.