Akiba Inayooza: Historia ya Betri za Kuhifadhi Umeme

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

  Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano kabla hatujaanza: betri, risasi, tindikali, joto, akiba. Risasi tutakayoitaja leo si ile ya kutoka katika bunduki. Ni madini yale mazito ya rangi ya kijivu ambayo wavuvi hufanyia chubwi za mishipi yao.

Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Kwa fedha na kwa kazi njema, neno hilo ni kweli. Lakini kwa akiba ya umeme, si kweli. Akiba ya umeme huoza, nayo huoza kimya kimya. Hilo ndilo jambo tutakalojifunza leo.

Tuseme katibu wa chama cha ushirika ana kompyuta nyumbani kwake. Ameketi usiku akiandika hesabu za wanachama mia mbili. Mara umeme unakatika. Chini ya meza yake kuna sanduku dogo lenye betri ndani, lile ambalo watu hulitaja kwa herufi tatu, UPS. Alilinunua miaka sita iliyopita, ili umeme ukikatika limpe dakika kumi za kuhifadhi kazi yake na kuizima kompyuta taratibu. Taa ya kijani ya sanduku hilo ilikuwa ikiwaka kila siku. Lakini usiku ule sanduku linalia mara moja tu, kisha kimya. Kompyuta imezimika. Kazi ya saa tatu imepotea, na kesho asubuhi wanachama wanangoja hesabu zao.

Je, katibu aliuziwa kitu kibovu? Yawezekana sivyo. Ili tupate jibu, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili.

Mwanzo wa betri

Mwaka 1800, Mwitaliani mmoja aitwaye Alessandro Volta aliwaandikia wataalamu wa London habari za chombo alichokibuni. Alipanga vipande vya madini ya namna mbili, kama fedha na zinki, kimoja juu ya kingine kama mtu apangavyo sahani. Katikati ya vipande aliweka vitambaa au karatasi nzito zilizoloweshwa maji ya chumvi. Mnara ule mdogo ukatoa umeme mfululizo. Hiyo ndiyo betri ya kwanza.

Lakini betri ya Volta ilikuwa kama betri za kawaida za tochi. Ikiisha, imekwisha.

Mwaka 1859, Mfaransa aitwaye Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya risasi, akayaviringa pamoja bila kugusana, akayatia ndani ya maji yenye tindikali. Akaona kwamba chombo hicho chaweza kupokea umeme, kuuweka, kisha kuutoa. Ukiisha, chaweza kujazwa tena. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, akayapaka mabamba hayo unga wa risasi uliokandwa. Hapo betri ikaweza kubeba umeme mwingi zaidi, na viwanda vikaanza kuzitengeneza kwa wingi. Betri za magari mengi, na betri za masanduku mengi ya kompyuta, ni wajukuu wa betri ile ya Planté.

Sasa sikilizeni kwa makini. Betri haiweki umeme kama mtungi uwekavyo maji. Inapotoa umeme, risasi na tindikali huungana, na mabamba yakafunikwa na namna ya chumvi ya risasi. Ukiijaza tena, chumvi ile huondoka na mabamba hurudi katika hali yake. Lakini betri ikiachwa siku nyingi bila kujazwa, chumvi hiyo hugandamana ikawa ngumu. Kila sehemu iliyogandamana imekufa, haitatoa umeme tena. Hivyo betri huweza kuharibika hata kama haikutumiwa, hata kama imo ndani ya boksi lake dukani.

Walinzi wa betri katika nyumba za simu

Miongoni mwa watu wa kwanza kutegemea sana betri za akiba walikuwa watu wa simu. Zamani kila simu ilikuwa na betri yake ndani ya nyumba ya mwenye simu, na fundi alilazimika kuzunguka nyumba kwa nyumba kuzibadili. Tangu miaka ya 1890 betri zilianza kukusanywa mahali pamoja, katika nyumba kuu ya simu. Umeme ukapelekwa kwa kila mteja kwa waya ule ule wa simu.

Betri hizo zilikuwa kubwa, nazo zilipangwa kwa safu chumbani. Kila moja ilitoa volti 2 hivi, na 24 zilizofuatana zilitoa volti 48. Humo chumbani mlikuwa na watu wa kuzitunza. Walipima uzito wa tindikali, wakaongeza maji safi yalipopungua, wakasafisha vichwa vya nyaya, na kuandika vipimo kitabuni. Betri iliyoanza kudhoofika ilijulikana mapema, kabla ya siku ya taabu.

Siku ya taabu ikaja. Tarehe 9 Novemba 1965, saa kumi na moja na robo jioni, chombo cha ulinzi katika kituo cha umeme upande wa Kanada, karibu na maporomoko ya Niagara, kilikata njia moja ya umeme. Mzigo wake ukazielemea njia nyingine, nazo zikakatika moja baada ya nyingine. Katika muda wa dakika kumi na mbili hivi, watu wapatao milioni 30 wa Kanada na Marekani walikuwa gizani. Mjini New York, treni za chini ya ardhi zilisimama zikiwa na mamia ya maelfu ya watu ndani, na watu wengine walikwama katika lifti. Sehemu kubwa ya mji ilikaa bila umeme muda wa saa 13 hivi.

Lakini simu zilifanya kazi. Mtu aliinua simu gizani, akasikia mlio wake kama kawaida, akawaambia watoto wake kwamba yu mzima. Na wenye redio ndogo za betri walipata habari. Akiba ile haikuwa imeoza, kwa sababu ilikuwa na wenyewe wa kuitazama.

Usiku ule ule palikuwa na funzo la namna nyingine. Mtambo mmoja mkubwa wa kufua umeme mjini humo, ambao watu waliuita Big Allis, uliharibika. Pampu zilizopeleka mafuta ya kulainisha vyuma vyake zilitegemea umeme ule ule uliokatika. Mtambo ulikuwa bado unazunguka, na mafuta hayakufika. Basi mlinzi akimtegemea yule anayemlinda, wote wawili huanguka pamoja.

Kompyuta yaingia nyumbani

Kompyuta nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ziliweka kumbukumbu zake katika vipete vidogo sana vya sumaku. Umeme ukikatika, kilichokuwa katika vipete kiliweza kubaki. Kuanzia miaka ya 1970, vipete viliachiwa nafasi vipande vya silikoni, vidogo zaidi na vya bei nafuu. Vipande hivyo hufanya kazi upesi sana, lakini vina udhaifu mmoja: umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa husahauliwa yote.

Baadaye kompyuta zilienea majumbani, hasa baada ya mwaka 1981, kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya mtu mmoja. Ndipo watu wa kawaida wakahitaji akiba ya umeme. Hawakuweza kuweka chumba cha betri na mlinzi wake. Kwa bahati, mwishoni mwa miaka ya 1950 Wajerumani walikuwa wamekwisha kutengeneza betri ya risasi iliyofungwa, ambayo tindikali yake imegandishwa kama uji mzito. Haimwagiki, wala haihitaji kuongezwa maji. Betri za kufungwa ndizo zilizowezesha sanduku dogo la kuwekwa chini ya meza.

Hiyo ilikuwa faida kubwa. Lakini tazameni kilichopotea. Betri ilipofungwa, hakuna tena aliyepima tindikali. Hakuna tena kitabu cha vipimo. Mwenye sanduku alibaki na taa ya kijani tu.

Na taa ya kijani haisemi yote. Mara nyingi husema tu kwamba umeme unaingia na sanduku limewashwa. Ni kama ghala la mahindi. Ukilitazama kwa nje limejaa, lakini mahindi yakiwa yamebunguliwa, siku ya njaa utapata unga kidogo na makapi mengi. Tena betri ya volti 12 ina vyumba sita vilivyofuatana. Kimoja tu kikifa, vile vitano vizima haviwezi kuikomboa.

Adui mkubwa wa betri hizi ni joto. Hupimwa kwa joto la digrii 25. Kwa kawaida, joto likizidi hapo kwa digrii 10 daima, maisha ya betri hupungua kama nusu. Katika chumba chenye baridi ya kutosha huweza kudumu miaka mitatu hadi mitano. Ninyi mlio Mombasa, Tanga au Dar es Salaam mnajua joto la Januari na Februari. Sanduku lililobanwa ukutani nyuma ya kabati, bila hewa, huzeeka upesi.

Basi katibu wetu tumemjibu. Hakuibiwa na mtu. Akiba yake ilioza miaka mingi, na hakuna siku hata moja aliyoijaribu.

Funzo la Nairobi

Msidhani kwamba haya huwapata watu wa majumbani tu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya. Katika kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta, Nairobi, abiria walikaa gizani kwa muda wa saa kadhaa. Jenereta zilikuwako. Lakini serikali ilieleza kwamba jenereta iliyopasa kuhudumia sehemu mbili za majengo ya abiria ilikataa kuwaka. Waziri akaomba radhi, na mkuu wa shirika la viwanja vya ndege akaachishwa kazi. Jenereta si betri, lakini kanuni ni moja. Kuwa na akiba ni jambo moja, na kuwa na akiba iliyojaribiwa ni jambo jingine.

Mambo ya kufanya

Kwanza, siku unayonunua betri, andika tarehe juu yake. Ikifika miaka mitatu, anza kuishuku.

Pili, kila baada ya miezi mitatu, ijaribu. Hifadhi kazi yako yote kwanza. Kisha zima swichi ya ukutani, utazame saa. Andika daftarini betri imeshika dakika ngapi, na kabla haijaisha washa swichi tena. Mara ya kwanza ikiwa dakika kumi na mbili, na mwaka unaofuata dakika saba, betri imekwambia habari zake.

Tatu, liweke sanduku mahali penye hewa, mbali na jua. Ukilihifadhi bila kulitumia, lijaze tena kila baada ya miezi michache.

Nne, usipachike pasi wala birika la umeme katika sanduku hilo. Liliwekwa kwa ajili ya kompyuta.

Tano, betri iliyokufa usiichome wala usiipasue. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwaletea wakazi sumu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Risasi huwadhuru watoto kuliko watu wote. Mpelekee muuzaji au mkusanyaji mwenye leseni.

Siku hizi ziko pia betri za lithiamu-ioni, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991. Nyingi ni nyepesi na hudumu zaidi. Lakini hizo nazo huzeeka, nazo hazipendi joto. Daftari halijapoteza kazi yake.

Wale watu wa nyumba za simu hawakuwa na betri zenye uchawi. Walikuwa na kalamu na kitabu, na desturi ya kutazama kila siku kitu ambacho hakijaleta taabu. Kalamu na kitabu ninyi mnavyo sasa, na kuandika mmekwisha kujifunza. Leo usiku, kabla ya kulala, andikeni mstari wa kwanza.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Betri ya Planté ilitofautiana vipi na ile ya Volta?
2. Kwa nini simu za New York zilifanya kazi usiku wa tarehe 9 Novemba 1965?
3. Taa ya kijani ya sanduku la betri haitwambii nini?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, ni akiba gani nyingine inayohitaji kujaribiwa kabla ya siku ya taabu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.