Baba Aliyekwenda Mahakamani Kabla ya Msiba

Agosti 2010, mawakili wa mashirika mawili ya haki za kiraia walifungua shauri la aina yake mjini Washington. Mlalamikaji, Nasser al-Awlaki, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo wa Yemen, aliomba serikali ya Marekani izuiwe kumuua mwanawe. Wazazi wengi hufika mahakamani wakiwa wameshazika. Huyu aliwahi.

Alikuwa mtu aliyeijua Marekani. Alikwenda huko kusoma miaka ya 1960, na mwanawe Anwar akazaliwa mwaka 1971 huko Las Cruces, New Mexico, akawa raia kwa kuzaliwa. Ukubwani Anwar alikuwa imamu San Diego, kisha Virginia, na mwaka 2004 akahamia Yemen. Huko mahubiri yake yakawa ya kuchochea Wamarekani wauawe, na serikali ikamhusisha na kijana wa Nigeria aliyejaribu kulipua ndege iliyokuwa ikienda Detroit siku ya Krismasi 2009. Mapema mwaka uliofuata magazeti yakaripoti kwamba jina lake limo katika orodha ya watu wa kuuawa.

Kwa sheria ipi? Rais Gerald Ford alipiga marufuku mauaji ya kisiasa mwaka 1976, na Rais Reagan akairudia marufuku hiyo mwaka 1981. Lakini siku chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge lilimruhusu rais kutumia nguvu za kijeshi dhidi ya waliopanga mashambulizi yale na waliowasaidia au kuwahifadhi. Azimio lenyewe ni fupi mno: halitaji nchi wala tarehe ya mwisho. Novemba 2002 ndege isiyo na rubani ya CIA iliteketeza gari huko Marib, Yemen, ikaua watu sita, mmoja wao raia wa Marekani. Azimio hilohilo lilizidi kunyooshwa, hata mwaka 2016 likatumika kuwaingiza al-Shabaab wa Somalia, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwapo.

Jaji John Bates alilisikiliza shauri, na katika uamuzi wake wa Desemba 7, 2010 akauliza swali ambalo hadi leo halina jibu zuri: inakuwaje serikali ihitaji idhini ya mahakama ili kunasa mazungumzo ya raia aliye ng'ambo, ila isiihitaji inapotaka kumuua? Baada ya kuuliza hivyo akalitupa shauri. Alisema baba hana haki ya kisheria ya kushtaki kwa niaba ya mwanawe mtu mzima, na kwamba jambo lenyewe ni la wanasiasa, si la majaji.

Kumbe mwezi mmoja kabla ya shauri kufunguliwa, David Barron wa Wizara ya Sheria alikuwa ameshaandika waraka wa siri. Waraka ulikubali kwamba Anwar anaweza kuuawa kama ni kiongozi katika kundi la adui, ni tishio, na kumkamata hakuwezekani. Mipaka ilikuwapo, basi, ila iliandikwa na upande uleule uliopaswa kubanwa nayo, na upande huo ndio ulioamua kama masharti yametimia.

Anwar aliuawa kwa shambulio la Marekani Septemba 30, 2011 katika jimbo la al-Jawf, pamoja na raia mwingine wa Marekani, Samir Khan. Wiki mbili baadaye shambulio jingine, jimboni Shabwa, lilimuua Abdulrahman, mwana wa Anwar, mwenye miaka 16, aliyekuwa ametoka nyumbani kwa babu yake Sana'a kumtafuta baba. Baadaye serikali ilisema kijana huyo hakulengwa.

Machi 2012 Mwanasheria Mkuu, Eric Holder, alieleza kwamba Katiba inadai utaratibu wa haki, lakini si lazima utaratibu huo upitie kwa jaji. Mei 2013 Rais Obama akatangaza kanuni: asishambuliwe mtu bila kuwapo takriban uhakika kwamba raia wa kawaida hawatadhurika. Ilikuwa hatua, lakini kanuni ya rais hufutwa na rais.

Mzee Nasser alirudi mahakamani, safari hii kwa ajili ya mwana na mjukuu. Aprili 2014 Jaji Rosemary Collyer alikataa hoja ya serikali kwamba mahakama haina la kusema, kisha akalitupa shauri kwa sababu hakuona njia ya kuwadai fidia maofisa waliohusika. Mwezi Juni, kwa amri ya mahakama ya rufaa ya New York, waraka wa Barron ukatolewa hadharani, baadhi ya sehemu zake zikiwa zimefichwa. Familia haikukata rufaa.