Kamba Tatu

Kuna jim moja hapa Lodwar, nyuma ya maduka, isiyo na hata bango. Vyuma vyake ni mabomba ya maji yenye makopo ya rangi yaliyojazwa simiti. Mwezi jana nilimkuta kijana mmoja pale amejifunga vipande vya tyubu ya baiskeli juu kabisa ya mapaja. Alikuwa anachuchumaa na kuinuka, ameshika kikopo kidogo tu, lakini jasho lilimtoka kama mtu aliyebeba ng'ombe.

"Hii ni ya Wajapani, bro," akaniambia. "Unafunga damu, msuli unafura. Nimeiona TikTok."

Goti lake liliumia kwenye mpira, kwa hivyo hawezi vyuma vizito. Yeye ni wa Kakuma, na ndoto yake ni kukimbia. Anamtaja Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia kambini pale kisha akabeba bendera ya timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kana kwamba ni dadake.

Nilitaka kucheka. Kisha nikatazama nyayo zake, nikakumbuka kamba mbili nyingine.

Ya kwanza ilikuwa ya babu yangu. Nilipokuwa mtoto, likizo zangu zilikuwa malishoni, na huko nilimwona akitoa ng'ombe damu. Vijana wanamshika mnyama, babu anazungusha kamba shingoni na kuikaza taratibu huku akipapasa kwa kidole gumba mpaka mshipa uvimbe. Kisha mshale mfupi, wenye kizuizi nyuma ya ncha ili usizame sana. Damu inaruka, inakingwa kibuyuni. Akilegeza kamba, damu inakatika, na ng'ombe anarudi kula majani. Ile ngaokot tuliinywa na maziwa.

Nilimuuliza kwa nini haikazi kwa nguvu zake zote. "Unataka kumnyonga?" akasema. Kwake somo lilikuwa limeisha.

Maelezo marefu niliyapata baadaye, kwa daktari Mwingereza aliyekufa zamani. Mwaka 1628 William Harvey alichapisha kitabu kuhusu moyo na mzunguko wa damu. Ushahidi wake mmoja ulikuwa wa kamba tu. Funga mkono wa mtu kwa nguvu kabisa: mapigo yanapotea kiganjani, mkono unapoa. Legeza kidogo: mkono unapata joto, unavimba, mishipa inasimama. Sababu ni kwamba ateri, zinazoleta damu kutoka moyoni, zimelala ndani zaidi na zina shinikizo kubwa. Vena, zinazoirudisha, ziko karibu na ngozi na hubanwa kwa urahisi. Kamba ya wastani inaacha damu iingie lakini inaizuia kutoka. Wafugaji wa Turkana hawakuhitaji kitabu cha Kilatini kujua hilo.

Huyo Mjapani wa TikTok naye yupo kweli. Anaitwa Yoshiaki Sato. Mwaka 1966, akiwa na miaka 18, alipiga magoti muda mrefu kwenye ibada ya Kibuddha mpaka miguu ikafa ganzi. Alipoyagusa mashavu ya miguu, yalikuwa yamejaa kama ya mtu aliyetoka kunyanyua vyuma. Akaanza kujifunga mwenyewe kwa mikanda, kamba na, ndiyo, tyubu za baiskeli. Alikosea sana. Kuna wakati donge la damu lilimfikia mapafuni, nusura limuue. Mwaka 1973 aliumia mguu akiteleza kwenye theluji, akatumia mbinu yake akiwa bado na plasta, na akapona haraka kuliko alivyotarajiwa. Akaiita KAATSU, yaani kuongeza shinikizo.

Leo wataalamu wa viungo wanaitumia kwa watu waliopasuliwa goti na kwa wazee. Mgonjwa hunyanyua uzito mdogo, kama asilimia 20 hadi 30 ya uwezo wake wa juu kabisa. Msuli uliobanwa hukosa oksijeni mapema, taka hujikusanya ndani yake, na mwili huita hata nyuzi zile zinazosubiri kazi nzito. Msuli unadanganywa kwamba umebeba mzigo. Lakini wao hufunga mkanda wa hewa wenye kipimo, hupima kwanza shinikizo la kuzima ateri ya mtu huyo, kisha hutumia sehemu yake tu. Baada ya dakika chache, wanaulegeza. Mwenye historia ya kuganda damu au ya selimundu hafungwi kiholela.

Kamba ya pili ndiyo iliyoninyamazisha. Mjomba wangu aliumwa na nyoka njia ya Kakuma, jioni. Wenzake, kwa upendo, walimfunga mpira chini ya goti kwa nguvu zao zote. Gari likachelewa. Usiku kucha hakuna aliyethubutu kulegeza. Asubuhi mguu ulikuwa baridi na mweusi, na haukuokolewa. Sumu ilifanya kazi yake, na mpira ukafanya yake. Shirika la Afya Duniani linasema wazi: aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba ya kukaza. Mvue bangili na shanga, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali haraka.

Mjomba hajawahi kuwalaumu. "Walikuwa wananifunga nisife," husema.

Kwa hivyo siku ile jim nilichuchumaa nikamgusa kijana vidole vya miguu. Vilikuwa baridi.

"Legeza," nikamwambia.

"Si ndiyo inafanya kazi?"

"Ikiwa baridi, umefunga mpaka ya kuingia."

Nikamhadithia habari za babu, za Sato na pafu lake, na za mjomba, kwa mpangilio huo. Alisikiliza, akafungua tyubu moja, kisha ya pili. Ngozi ilikuwa na mistari mirefu. Akatikisa miguu, akakunja uso damu ilipokuwa ikirudi.

Tukakubaliana tuende kwa fiziotherapia Jumatatu kuulizia goti. Zile tyubu aliniachia. Nimezifungia mizigo kwenye pikipiki.